Mwalimu halipwi kwa debe

Katika mashamba ya kahawa yaliyosalia kati ya Ruiru na Thika, ambayo yanazidi kupungua kila uchao kwa kuwa nyumba za kupangisha zina faida ya haraka kuliko mibuni, upo utaratibu mmoja wa malipo usiohitaji wakili wala mwanauchumi kuueleza. Mchumaji huchuma tangu alfajiri hadi alasiri, humwaga kahawa yake juu ya gunia, huchambua mbichi na majani akayatupa, kisha karani humpimia kwa debe. Debe likijaa huandikiwa moja. Lisipojaa, huandikiwa kadiri lilivyofika. Mwajiri na mwajiriwa wanalitambua debe hilo na wote wawili wanaliona kwa macho. Iwapo karani ataligongagonga chini ili kahawa ishuke, mchumaji ana haki ya kulalamika papo hapo mbele ya wenzake.

Kwa takriban mwongo mmoja sasa wakuu wa elimu nchini Kenya wamekuwa wakilisaka debe la mwalimu. Mwaka 2016 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliwatia wakuu wa shule katika kandarasi za utendakazi, na walimu wa darasani nao wakaingizwa katika mfumo wa tathmini unaojulikana kwa ufupisho wa TPAD. Kila muhula mwalimu hujipa alama, msimamizi wake humpa zake, wawili hao huafikiana, na matokeo hupelekwa kwa Tume kupitia mtandao. Hapo awali palikuwa na viwango saba vya kupimia. Kuanzia mwaka 2020 vilipunguzwa hadi vitano. Ni kweli kwamba mshahara wenyewe haukufungwa moja kwa moja na alama hizo. Kilichofungwa nazo ni kupandishwa cheo, na kwa mwalimu wa Kenya cheo ndicho mshahara. Kwa hivyo asemaye kwamba walimu wetu hawalipwi kwa utendaji anasema ukweli wa karatasini tu.

Suala hili nalitazama kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni maneno. Nafundisha isimu chuoni, na makao yangu yako karibu na mto Theta, mahali ambapo miaka 20 iliyopita palikuwa na mibuni na leo pana ghorofa. Wengi niliowafundisha wanafunza katika shule za umma za Ruiru, Juja na Thika. Wanaponitembelea huja na fomu zao za tathmini mkobani. Aghalabu hawaniulizi namna ya kuzijaza, kwa kuwa hilo wamelizoea. Wananiuliza maneno yaliyomo yana maana gani. Mmoja wao, mwalimu wa darasa la pili mwenye wanafunzi zaidi ya 80 katika chumba kilichojengewa 40, alinionyesha kidole mahali palipoandikwa kwa Kiingereza kwamba mwalimu atoe ushahidi wa ubunifu. Akaniuliza, kwa utulivu ulioniuma zaidi ya hasira, "Mwalimu, kuwaketisha watoto watano katika dawati la watatu bila kupigana ni ubunifu au si ubunifu?"

Sikuwa na jibu ambalo afisa wa Tume angelikubali.

Tuanze basi na maneno, kwa sababu katika mapatano yoyote neno lisilofafanuliwa huwa mali ya mwenye nguvu. Kiswahili kina akiba ya maneno ya malipo, na kila moja limebeba historia yake. Mshahara ni neno lililotokana na Kiarabu, na ndani yake mna mwezi: ni malipo ya kipindi, anayopewa mtu ili aishi huku akifanya kazi ambayo haimaliziki kwa siku moja. Kibarua kimetokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku, na baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Ujira ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa na kuonekana. Mwalimu aliajiriwa kwa mshahara. Anayetaka kumlipa kwa matokeo anataka kumhamisha kutoka mshahara hadi ujira, na huenda kutoka hapo hadi kibarua. Hilo si jambo haramu. Watu hubadilisha masharti ya kazi kila siku. Lakini ni badiliko la mkataba wenyewe, na mkataba haubadilishwi kwa fomu inayoletwa shuleni muhula unapofunguliwa.

Neno utendaji nalo lina mkasa wake. Sisi wanaisimu tumelizozania tangu mwaka 1965, Noam Chomsky alipotenganisha umilisi, yaani ujuzi wa lugha uliomo akilini mwa msemaji, na utendi, yaani kile akitamkacho kweli akiwa amechoka, ana njaa au anaona haya. Tuliokubali utengano huo na tulioupinga tunaafikiana katika jambo moja: kile kinachosikika si kipimo kamili cha kile kilichomo. Mtoto wa Kiandutu anayesoma sentensi kwa kukwamakwama mbele ya mtu mgeni mwenye kalamu huenda anaielewa kuliko yule aliyeikariri. Ikiwa utendi wa mtoto mwenyewe hautuambii yote kuhusu umilisi wake mwenyewe, vipi utuambie yote kuhusu kazi ya mtu mwingine, mwalimu wake?

Sarufi ya Kiswahili imeliona hilo kabla yetu. Kutokana na mzizi wa kufunda tulipata kufunza na kufundisha, vitenzi vinavyomhitaji mtu wa pili. Lakini upande wa mwanafunzi tunasema kujifunza, na kile kiambishi "ji" hakikuingia kwa bahati mbaya. Mwalimu anafunza, mtoto anajifunza. Kitendo cha pili hakifanywi na mwalimu hata akiwa hodari namna gani, na malipo yanayotegemea matokeo ni malipo ya kitenzi ambacho kiima chake ni mtu mwingine.

Nisieleweke kwamba nawatetea wavivu. Mzazi wa Makongeni anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kiwandani ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe alikaa vipindi viwili bila mwalimu, na walimu wasiokanyaga darasani wapo, tunawajua, na wenzao wanawajua zaidi. Kabla ya tathmini hii kulikuwa na ukaguzi wa mara moja kwa miaka kadhaa ambao ulimtisha mwenye kufanya kazi na kumpita mtoro. Walimu wakuu kadhaa wameniambia kwamba tangu fomu zianze, andalio la somo na maazimio ya kazi vinaandikwa, na saa za kuingia darasani zinaheshimiwa zaidi. Nawaamini. Ubishi wangu ni juu ya hatua inayofuata, pale alama inapogeuka kuwa shilingi.

Hatua hiyo si ngeni duniani, wala si ngeni hapa kwetu. Uingereza iliijaribu mwaka 1862 chini ya Robert Lowe: wakaguzi walipita shuleni, wakawajaribu watoto katika kusoma, kuandika na hesabu, na ruzuku ya shule ikategemea waliofaulu. Walimu wakafundisha kitabu kile kile cha mtihani hadi watoto wakakikariri. Mshairi Matthew Arnold, ambaye mwenyewe alikuwa mkaguzi, aliupinga utaratibu huo hadharani, nao ulidumu zaidi ya miaka 30 kabla ya kuachwa. Huko Denver, Marekani, walimu wenyewe waliupigia kura mfumo wa marupurupu ya utendaji mwaka 2004. Februari 2019 wakagoma siku tatu, na mojawapo ya malalamiko yao makubwa ni kwamba mtu hakuweza kujua mwaka ujao atapata kiasi gani.

Lakini kwa nini twende mbali? Mwaka 1998 na 1999 jaribio la namna hii lilifanywa katika wilaya za Busia na Teso. Shule 100 zilihusishwa, na 50 kati yake zikachaguliwa kushindania zawadi kwa kutegemea alama za mitihani ya wilaya. Zawadi hazikuwa fedha taslimu bali suti, vyombo vya mezani, seti za chai, mashuka na mablanketi, zenye thamani ya kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Waliobuni jaribio hilo hawakuwa wajinga: mwanafunzi ambaye hangefanya mtihani alihesabiwa alama ya chini, ili walimu wasiwafiche wanyonge nyumbani. Matokeo yake yamechapishwa na yanafaa kusomwa na kila anayeketi katika meza ya mapatano. Alama za mtihani uliokuwa na zawadi zilipanda. Mahudhurio ya walimu hayakupanda. Kazi ya nyumbani haikuongezeka. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwatayarishia watoto mtihani, na zawadi zilipokwisha, ule ubora wa alama nao ukatoweka. Walimu waliuliza swali lililo wazi, kwamba ni kitu gani kinacholipiwa, nao wakakitoa kitu hicho, hicho tu.

Wala tusisahau kwamba mwaka ule ule wa 2016 tathmini ilipoanza, Machi, Wizara ya Elimu ililivunja Baraza la Mitihani baada ya wizi mkubwa wa mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015. Hapo walimu hawakuwa wakilipwa kwa alama. Ilikuwa sifa tu, na nafasi za vyuo, na majina magazetini.

Jaribio lililonifikirisha zaidi lilifanywa Tanzania, na nalitaja kwa kuwa haliungi mkono upande wowote kikamilifu. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule 350 za wilaya kumi, kwa madarasa ya kwanza hadi la tatu. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya vifaa pekee. Katika nyingine mwalimu aliahidiwa Sh5,000 za Tanzania kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio rahisi la Kiswahili, Kiingereza au hesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku pekee haikuinua elimu ya watoto. Bahashishi pekee ilileta matokeo ya mchanganyiko, hapa yakionekana na pale yasionekane. Palipokuwa na vifaa pamoja na bahashishi, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi cha kuonekana wazi.

Kuna watakaosema kwamba hiyo ni hoja ya kuwalipa walimu kwa matokeo. Ndiyo, ila wasome masharti yake. Kipimo kilikuwa kimoja, kifupi, na kilielezwa kabla. Kilipima jambo ambalo mtu yeyote anaweza kuliona, kwamba mtoto huyu anasoma sentensi au hasomi. Waliopima hawakuwa wasimamizi wa mwalimu. Bahashishi iliongezwa juu ya mshahara wala haikuugusa. Na bado haikufua dafu vilivyo bila vitabu na vifaa. Sasa tulinganishe na fomu ambayo mwalimu hujipa alama mwenyewe, msimamizi ambaye huenda wanakunywa chai pamoja au hawaamkiani akazipunguza au kuziongeza, na cheo kikategemea hapo.

Rudi nami Theta. Katika sensa ya mwaka 2009 Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu 1,623,282. Ile ya mwaka 2019 ilipata 2,417,735. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekaa kandokando ya barabara kuu ya Thika, iliyokamilishwa mwaka 2012, na shule za umma hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mtaa hujengwa kwa miaka miwili na watoto wake huingia katika shule iliyojengwa kwa ajili ya wana wa vibarua wa kahawa. Katika darasa moja utamkuta mtoto aliyelelewa kwa Kikuyu, wa pili kwa Kikamba, wa tatu kwa Kiluhya, wa nne kwa Sheng ya Githurai na hana lugha nyingine, na wa tano aliyetolewa shule ya kibinafsi kwa kukosa karo na anaongea Kiingereza kuliko mwalimu wake. Hii ndiyo taaluma yangu, na naweza kusema bila kusita: katika miaka mitatu ya mwanzo, lugha anayokuja nayo mtoto langoni na namna inavyokaribiana na lugha ya mtihani huathiri alama zake za kusoma kwa kiasi ambacho bidii ya mwalimu peke yake haiwezi kukifuta. Mwalimu wa watoto hao akiwafikisha mahali pa kusoma aya moja kwa Kiswahili kufikia Novemba, amefanya kazi ya ajabu. Kwenye karatasi atakuwa nyuma ya mwenzake aliyewapokea watoto wanaosoma tayari.

Na Thika kuna Shule ya Vipofu, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ambako mwalimu wa mwaka wa kwanza hufundisha vidole kusoma nukta kabla ya kufundisha somo lolote. Namwomba yeyote mwenye debe mkononi anionyeshe atakavyolitumia huko.

Sasa tuje kwenye mapatano yenyewe, ambako lawama si ya mwajiri peke yake. Historia ya walimu na Serikali ni historia ya ahadi zisizotimizwa. Mwaka 1997, KNUT ikiongozwa na marehemu Ambrose Adongo, ilipata ahadi ya nyongeza ya hadi asilimia 200 kwa awamu. Awamu ya kwanza ikalipwa, nyingine zikakwama, na Oktoba 1998 walimu wakarudi barabarani. Juni 2015 mahakama iliwapa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Septemba wakagoma kwa kuwa haikulipwa, na Novemba Mahakama ya Rufani ikaibatilisha. Ndiyo maana Oktoba 2016, uliponyooshwa mkataba wa miaka minne wa Sh54 bilioni, viongozi wa vyama walitazama tarakimu, na nani angewalaumu? Lakini mapatano yale yalihusu fedha, debe halikujadiliwa. Tathmini ilikuwa imekwisha kuanza, ikiendeshwa kama jambo la utawala ambalo mwajiri haombi ruhusa.

Gharama yake ilionekana baadaye. KNUT ilikwenda mahakamani, na Julai 2019 Jaji Byram Ongaya aliamua kwamba walimu wa chama hicho wapandishwe vyeo kwa miongozo ya zamani. Ulikuwa ushindi wa ajabu. Tume ikasema vyema, anayetaka miongozo ya zamani hatapata nyongeza zilizofungamana na mipya, na wanachama wa KNUT wakaanza kuona hati zao za malipo zikipungua kuliko za wenzao wa chumba kimoja. Walihama kwa maelfu. Katika muda wa miaka miwili chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kilibaki na pungufu ya 30,000, na Juni 2021 katibu mkuu Wilson Sossion akajiuzulu. Mkataba uliotiwa sahihi mwezi uliofuata haukuwa na nyongeza hata senti moja. Nionavyo mimi, KNUT ilikuwa na haki katika hoja na ikakosea katika wakati: debe hujadiliwa kabla ya kahawa kuchumwa.

Lile neno jingine katika jina la mfumo huo, kustawisha, nalo halikujadiliwa. Mwaka 2021 Tume ilipozindua mafunzo ya lazima kwa walimu, vyuo vikuu vitatu pamoja na taasisi moja ya Serikali viliteuliwa kuyatoa, kimojawapo kikiwa na makao yake hapa hapa Thika, na mwalimu akaambiwa alipe Sh6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Mwenye kustawishwa akawa ndiye mlipaji.

Mkataba wa sasa, wa Sh33.8 bilioni, ulitiwa sahihi Julai 2025 na unafika hadi mwaka 2029. Basi muda upo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya mapatano ya pamoja, na sioni kwa nini haki hiyo iishie kwenye kiasi cha fedha bila kugusa kipimo chake. Ningependa tathmini ya kumsaidia mwalimu itenganishwe na alama ya kumpandisha cheo, kwa maana hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeungama udhaifu wake kwa yule atakayemkata mshahara kwa udhaifu huo. Ikiwa lazima kuwe na bahashishi, iwe juu ya mshahara na ipime mtoto alikotoka hadi alikofika. Mpimaji awe mgeni wa shule, na idadi ya watoto darasani iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa fomu. Na kwa kuwa Katiba hiyo hiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi, rasimu ya fomu iandikwe kwanza kwa Kiswahili, ibandikwe katika vyumba vya walimu kuanzia Theta hadi Kiandutu muhula mzima kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, na kila mwalimu aruhusiwe kuandika swali lake pembeni mwa kila mstari. Karatasi hizo, pamoja na maswali yake yote, ndizo vyama vije nazo mezani.